Kutoka ndiga hadi apiko: historia fupi ya boda boda Kisumu, na ya kichwa cha mwanadamu

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na wawili watatu wameshaniuliza imefika wapi. Itakuja. Leo naomba mnivumilie niandike juu ya mashine isiyo na kibodi.

Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, amepata pikipiki. Ana steji yake pale Manyatta na Jumamosi iliyopita alikuja nyumbani kunionyesha. Boxer nyekundu, mwavuli ameshaufunga kwa mbele, redio iko, taa za rangi ziko, maandishi kwenye tope la nyuma yako. Nikamuuliza helmeti iko wapi. Akaniangalia kana kwamba nimemwomba nambari ya siri ya simu yake.

"Kaka, helmeti ni ya polisi. Naivaa nikikaribia Kondele."

Kisha akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mzee jambo la vijana, kwamba ukivaa ile kitu husikii abiria akikuita kutoka ng'ambo ya barabara, na kazi ya boda ni masikio. Mwenzako asiye na kofia atamsikia kwanza na atambeba yeye.

Sikuwa na jibu. Nikikosa jibu katika programu, kawaida yangu ni kurudi nyuma kwenye msimbo wa zamani kutazama ni nani aliandika mstari ule, lini, na alikuwa anatatua tatizo gani. Basi nimefanya hivyo hivyo kwa boda boda na kwa helmeti. Yafuatayo ni niliyokuta, na mengine ni niliyoyaona kwa macho nikikulia mji huu.

Neno lenyewe, kama wengi mnavyojua, ni la mpakani. Miaka ya 1960 kule Busia, kati ya forodha ya Kenya na forodha ya Uganda, kulikuwa na kipande cha njia ambacho si cha huku wala si cha kule. Gari likikushusha upande huu, mizigo yako unaibeba mwenyewe mpaka upande ule. Vijana wenye baiskeli wakaona kazi imelala hapo. Wakashona mito wakaifunga juu ya keria, wakawa wanaita "border, border!" Midomo yetu haina haja na herufi r ya mwishoni, ikawa boda boda. Wapo waliobeba abiria na wapo waliobeba bidhaa ambazo hazikupenda sana kukutana na maofisa wa forodha, lakini hiyo ni historia nyingine.

Kisumu ilichelewa kidogo. Mji huu ulizaliwa na reli iliyofika ziwani mwaka 1901, wakauita Port Florence, na kwa miongo mingi mtu wa hapa alitembea kwa miguu, au alipanda basi, au matatu. Baiskeli ilikuwa mali ya mwalimu, mchuuzi wa samaki na mtu wa kanisa. Black Mamba, ile nyeusi nzito yenye breki za vyuma na gia moja, ilikuwa kitu cha kurithishana. Kwa Kijaluo tunaiita ndiga.

Kilichogeuza ndiga kuwa teksi hapa mjini ni ukosefu wa kazi. Kiwanda cha nguo cha KICOMI kilifunga miaka ya 1990. Kiwanda cha sukari cha Miwani nacho kikasimama mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pamba ilikuwa imeshalala, serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na mwanamume aliyezoea kupokea mshahara mwisho wa mwezi akajikuta na baiskeli moja na watoto watano. Isitoshe, jiografia ilikuwa upande wake. Kisumu ya chini, kuanzia Nyalenda hadi stendi ya mabasi hadi Kibuye, ni tambarare kama meza. (Jaribu kupanda Riat na Black Mamba yenye abiria ndipo utajua kwa nini boda ya baiskeli haikuvuma kila mahali.)

Mimi nilikwenda shule juu ya ndiga hizo. Wanawake walikaa upande, miguu yote kushoto, mtoto mgongoni, karai la samaki magotini, na hakuna aliyeona ajabu. Mwendeshaji alipanda kigongo akihema, na jasho lake lilikuwa kama mita ya kuonyesha bei. Ajali zilikuwepo. Nilianguka mara mbili mimi mwenyewe, mara moja kwenye mtaro karibu na Jubilee. Niliamka, nikajifuta vumbi, nikamlipa yule bwana shilingi kumi zake na akanipa pole. Kila aliyekulia Kisumu wa enzi zile ana hadithi ya kuanguka kwenye boda, na anaisimulia akicheka.

Shikeni hapo kwenye kucheka, nitaparudia.

Pikipiki zilikuja kwa mafuriko, na mafuriko yale yana tarehe. Kati ya 2007 na 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki zenye injini chini ya cc 250. Ukitazama takwimu za usajili utadhani mtu amekosea kubonyeza sifuri: mwaka 2005 Kenya nzima ilisajili pikipiki mpya chini ya 4,000. Mwaka 2008 zikapita 50,000. Mwaka 2011 zikapita 140,000. Nyingi zilitoka China na India, na bei yake kijana aliweza kuifikia kwa chama, kwa mkopo, au kwa kuuza ng'ombe wa baba.

Hebu tazameni na mambo mengine yaliyotokea katika miezi hiyo hiyo. M-Pesa ilianza Machi 2007. Ghafla mtu wa Usoma aliweza kumpigia simu mwendeshaji anayemjua, akatumiwa mzigo, akalipa bila kuonana. Steji ikaingia mfukoni. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zake. Wanaokumbuka mtaa wa Oginga Odinga Januari 2008 wanakumbuka maduka yaliyobaki kuta tupu. Ajira zilizoteketea pale hazikurudi zote, na wengi waliozikosa wakapanda pikipiki. Kwa hiyo ushuru, simu na moto vilikutana katika mwaka mmoja. Nikisikia mtu redioni anasema boda boda ni vijana wasiopenda kazi, huwa nazima redio.

Lakini kuna kitu hakikubadilika, na nadhani ndicho kiini cha habari hii. Mwendeshaji alibaki yule yule. Jana alikuwa na ndiga, leo ana apiko (hivyo ndivyo tunavyoiita pikipiki). Aliyemfundisha ni rafiki yake, uwanjani, jioni moja. Alichukua mazoea yote ya baiskeli akayahamishia kwenye injini: kupita kushoto kwa matatu, kukata barabara mshazari, kupanda upande usio wake kwa hatua chache tu, kubeba mama aliyekaa upande. Sisi watengeneza programu tunaijua hali hii vizuri. Unachukua programu iliyoandikwa kwa mashine ya zamani, unaiweka kwenye mashine yenye kasi mara nne, na makosa yaliyokuwa hayana madhara yanaanza kuangusha mfumo mzima.

Na ni mara nne kweli. Baiskeli yenye abiria hapa mjini ilikwenda labda kilomita 15 kwa saa. Pikipiki kwenye barabara ya Busia inakwenda 60 bila kujitahidi. Sasa kumbukeni fizikia ya kidato cha tatu: nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kasi mara nne, nishati mara kumi na sita. Ukigonga kitu kwa kilomita 15 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa sentimita 90 hivi, yaani kutoka juu ya meza. Ukigonga kwa 60 ni sawa na kuanguka kutoka mita 14. Hilo ni paa la jengo la ghorofa nne.

Ndiyo maana hadithi zetu za ndiga tunazisimulia tukicheka, na hadithi za apiko hatucheki.

Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufa katika barabara za Kenya. Wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi, na wapanda pikipiki pamoja na abiria wao wanawafuata kwa karibu. Hapa kwetu, ile hospitali kuu ya rufaa ambayo leo ina jina la Jaramogi, na ambayo sisi bado tunaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ukienda kumwona mgonjwa wa wadi ya mifupa utakuta vijana wa rika moja wamelala vitanda jirani na jirani. Wa mifupa wana bahati. Wa kichwa wako kwingine.

Sasa tuje kwenye kichwa.

Helmeti ya pikipiki kama tunavyoijua ina baba, na baba huyo alianza kazi yake kwa sababu ya baiskeli mbili. Mei 13, 1935, kusini mwa Uingereza, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata umaarufu katika vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alikuwa anarudi nyumbani kwa pikipiki yake aina ya Brough Superior. Hakuwa na kofia. Mbele yake wakatokea wavulana wawili juu ya baiskeli. Akawakwepa, akarushwa, akapiga kichwa. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa Mei 19. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Hakuweza kumwokoa.

Cairns hakulisahau jambo lile. Vita vya pili vilipoanza, jeshi la Uingereza lilijaa matarishi wa pikipiki waliokuwa wakipeleka ujumbe usiku taa zikiwa zimezimwa, na walikuwa wanakufa kama nzi. Mwaka 1941 alichapisha makala katika jarida la madaktari la Uingereza. Alihesabu kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, wapanda pikipiki na abiria wao zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa barabarani. Halafu akaeleza kwamba amewaona majeruhi saba tu waliokuwa wamevaa kofia ngumu. Saba! Wote walipona. Leo ukimpelekea profesa wa takwimu mfano wa watu saba atakufukuza ofisini, lakini Cairns alikuwa amefungua vichwa vya kutosha kujua anachokitazama. Mwaka huo huo jeshi likaagiza matarishi wote wavae kofia.

Raia hawakulazimishwa. Uingereza yenyewe ilingoja mpaka 1973. Jimbo la kwanza duniani kutunga sheria ya helmeti kwa kila mpanda pikipiki lilikuwa Victoria, kule Australia, mwaka 1961. Ndiyo, Victoria, jina la malkia yule yule waliyelibandika ziwa letu ambalo wazee wanaliita Nam Lolwe.

Katikati ya Cairns na sheria kuna mtu mwingine ambaye nampenda zaidi kwa sababu alikuwa mhandisi. C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California alipata hataza mwaka 1953 kwa wazo ambalo ndilo limo ndani ya kila helmeti nzuri hadi leo. Kabla yake watu walidhani kazi ya kofia ni kuwa ngumu. Lombard akasema hapana. Gamba la nje liwe gumu ili lisambaze pigo, lakini ndani kuwe na kitu kinachokubali kupondeka polepole, kikafa badala ya ubongo.

Nifanye hesabu kidogo (wasiopenda hesabu warukeni aya hii, sitawasema). Kiwango cha Ulaya kiitwacho ECE 22, katika toleo lake la 05, kilijaribu helmeti kwa kuiangusha ikagonga chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, ambayo ni kama kuanguka kutoka karibu mita tatu. Tuseme kichwa chako kinasimamishwa ndani ya sentimita tatu za povu linalopondeka sawasawa. Mshtuko wake utakuwa kama mara 96 ya mvutano wa dunia. Ondoa povu, baki na plastiki tupu au fuvu lako mwenyewe, kichwa kisimame ndani ya milimita tatu: mara 960. Kiwango kile kinaruhusu mara 275 tu. Tofauti yote ya kuamka na kutoamka iko kwenye sentimita tatu za lile povu jeupe linalofanana na la kufungia televisheni.

Mtu makini ataniuliza: si umesema 60 kwa saa ni mita 14, na helmeti inajaribiwa kwa mita tatu? Swali zuri. Mara nyingi mtu akianguka pikipiki hagongi ukuta kwa kichwa. Anateleza, anabiringika, na kichwa kinashuka chini kutoka urefu wake wa kawaida, mita moja na nusu hivi. Kasi ya mbele inaliwa na lami, nguo na ngozi. Pigo la kichwa ni lile la kuanguka. Ndiyo sababu helmeti hufanya kazi hata katika mwendo ambao kwa hesabu ya haraka ungesema haifai kitu. Utafiti mkubwa uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kifo kwa asilimia 42 na wa majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kwa kipande cha plastiki na povu sijui dawa gani inayoshindana nayo.

Kenya iliweka sharti hili wazi katika marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012: dereva na abiria wavae helmeti na koti linaloakisi mwanga, na abiria awe mmoja. Kanuni za pikipiki za NTSA za mwaka 2015 zikaongeza kwamba mwenye boda ndiye anayepaswa kuwa na vifaa vya abiria wake. Makoti tunayaona kwa wingi, hasa yale yenye picha ya mwanasiasa yaliyogawiwa wakati wa kampeni. Helmeti ya pili ndiyo imekuwa kitendawili. Abiria hawataki, na sababu zao si za kipumbavu. Kofia iliyovaliwa na watu thelathini tangu asubuhi kwenye joto la Kisumu ina harufu yake. Dada aliyekaa saluni saa nne kusukwa hataki kusikia habari ya Cairns. Kitambaa chepesi cha kuvaa chini ya helmeti kingetatua sehemu kubwa ya tatizo, na sijaelewa kwa nini hakiuzwi kwenye kila steji kama karanga.

Kuna nchi ambayo ilipokea mafuriko ya pikipiki kama sisi na ikafanya vingine. Vietnam ilianza kulazimisha helmeti kwa kila mpanda pikipiki Desemba 15, 2007, karibu mwaka ule ule ambao sisi tulifungua mlango wa ushuru. Kabla ya hapo wavaaji walikuwa wachache. Ndani ya muda mfupi miji yao ilikuwa na zaidi ya asilimia 90. Walifaulu kwa sababu faini ilikuwa ya kweli, na kwa sababu siku ilitangazwa mapema, kila mtu akajua kesho jirani yake naye atavaa. Hapo ndipo hoja ya binamu yangu inapovunjika, ile ya mwenzake asiye na kofia kumsikia abiria kwanza. Wote wakivaa, masikio yanakuwa sawa. (Baadaye wakagundua helmeti nyingi walizonunua zilikuwa za bandia. Hilo nalo tunalifahamu.)

Mpaka hapa nimemsema mwenye pikipiki peke yake, na sisi tunaoshika usukani tumekaa tunaitikia kwa kichwa. Ngojeni.

Harry Hurt, wa chuo kile kile cha Lombard, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 1981. Yeye na wenzake walikimbilia ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles, wakafika zikiwa bado za moto, wakapima alama za matairi na kuhoji watu. Katika ajali zilizohusisha pikipiki na gari, theluthi mbili hivi zilitokea kwa sababu mwenye gari aliingia katika njia ya pikipiki iliyokuwa na haki ya kupita. Na wengi wao walisema neno moja: sikumwona.

Nilikuwa nadhani hilo ni neno la kujitetea. Mwaka juzi nilikuwa natoka Ahero jioni, nikafika Nyamasaria nataka kukata kulia niingie kituo cha mafuta. Nikatazama mbele. Nikaona lori, liko mbali. Nikaanza kukata. Mke wangu akapiga kelele. Pikipiki ilipita mbele ya boneti yangu kwa upana wa mkono, nikaona uso wa abiria, msichana wa sare ya shule, amefumba macho. Hakuna aliyeumia. Nilikaa kwenye kile kituo cha mafuta dakika ishirini bila kuweka mafuta.

Naapa nilitazama. Na sasa najua kwa nini kutazama hakukutosha. Jicho haliendi kama kamera ya filamu, linaruka kutoka pointi hadi pointi, na wakati linaruka ubongo hufunga picha na kujaza pengo kwa kubahatisha. Kitu chembamba kinaweza kukaa ndani ya pengo lile. Pia pikipiki inayokuja moja kwa moja kwako haikui machoni kama lori. Inabaki kinukta, kinukta, halafu ghafla imejaa kioo. Ongeza jua letu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua linazama saa kumi na mbili na nusu na ushei, na giza linashuka upesi kama mtu amezima swichi. Anayeendesha kuelekea Kisian saa hiyo ana jua ndani ya macho, na anayekuja mbele yake na apiko isiyo na taa ni kivuli tu.

Tangu siku ile natazama mara mbili, kwa makusudi, nikisimamisha macho: kushoto, kulia, kisha kulia tena. Nikipaki kando ya barabara nafungua mlango kwa mkono wa mbali, ili mwili ugeuke na macho yatazame nyuma. Mambo madogo. Kwenye mataa nawaachia wenye boda watangulie, kwa sababu nikibishana nao mita tano kuna mtu atabaki chini na si mimi.

Wenye boda nao wanajua vyao. Ile miavuli, kwa mfano. Inafaa kwa jua na mvua, sikatai, lakini upepo wa ziwa wa alasiri ukiikamata kutoka ubavuni inageuka tanga la mashua, na pikipiki haina mkia wa kushikilia maji. Njia ya Miwani na Chemelil ina trela za miwa zinazotembea usiku bila taa ya nyuma, na taa za rangi za binamu yangu haziangazi mbele hata hatua kumi. Na lile zoea la ndiga la kupita kushoto kwa matatu: mlango wa matatu uko kushoto, na kondakta anaufungua kabla gari halijasimama. Kila mtu Kisumu analijua hili. Kila siku linafanyika.

Jumatano tulikwenda pamoja mjini, mimi na yeye, tukazunguka maduka matatu ya vipuri. La kwanza walituuzia ndoo. Nilipotia kidole ndani kulikuwa na sponji nyembamba ya kiti, na gamba lilibonyea kwa dole gumba. Duka la tatu tulipata yenye povu gumu jeupe ndani, unene wa kidole changu, mkanda uliopigwa ribiti na kibandiko cha alama ya kiwango kilichoshonwa kwenye mkanda wenyewe. Nikamfundisha kuivaa, akaifunga, nikaivuta kutoka nyuma kwenda mbele kwa nguvu. Haikutoka. Nikamwambia pia kwamba siku ikigonga lami, hata kama nje haina mkwaruzo, ameiaga, maana povu likishapondeka halirudi.

"Yaani inakufa mara moja tu?"

"Mara moja."

Akafikiri kidogo. "Na ya abiria?"

Tukanunua mbili. Nusu ya hela zake, nusu zangu, na ndiyo sababu sina intaneti nyumbani wiki hii na naandika haya ofisini baada ya saa za kazi.

Jana usiku alinitumia ujumbe kutoka steji: "Kaka, nasikia watu vizuri tu. Ila naona mvua ikinyesha inaingia kwa macho." Nimemjibu kwamba ile yenye kioo ilikuwa na bei zaidi na yeye ndiye aliyekataa. Mwavuli bado hajautoa.

Hifadhidata ni wiki ijayo, inshallah.